Ng'ombe wa Dada

Kijana wa Kikurya anayewaza kuoa huanza kwa kuwahesabu dada zake. Dada akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huingia katika zizi la nyumba ya mama yao, na ng'ombe haohao, au uzao wao, ndio watakaotoka siku kaka atakapoposa. Mwenye dada watatu na kaka mmoja hana wasiwasi. Mwenye kaka watano na dada mmoja ana kazi: asubiri zamu, atafute vibarua, akachimbe dhahabu Nyamongo, au aungane na wenzake usiku kwenda kuswaga mifugo ya watu. Michael Fleisher, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Tarime mkoani Mara na kuandika kitabu juu ya wizi wa mifugo, alilichunguza jambo hili na mwenzake Garth Holloway katika makala ya mwaka 2004. Walionyesha kwamba uwiano wa watoto wa kiume na wa kike nyumbani unahusiana na kijana kuingia au kutoingia katika wizi wa ng'ombe. Wavulana wakizidi, mahari huwa haba, na uhaba huo hutafuta pa kutokea.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Mazungumzo ya haki za wanawake mkoani Mara, kuanzia semina za mjini Musoma hadi mikutano ya hadhara katika kata kama Mbalibali wilayani Serengeti, kwa kawaida huanza na wembe: nani kakeketwa, nani katoroka, ngariba gani kakamatwa. Ni sawa yaanze hapo, maana damu inayomwagika haingoji mjadala. Lakini anayetaka kujua kwa nini wembe haujatupwa hadi leo hana budi apitie zizini kwanza.

Mji wa mume mwenye wake wengi, kwa desturi ya Kikurya, haukuwa mali ya mkupuo mmoja, ingawa mgeni angeweza kuuona hivyo. Kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala lake, mashamba yake, na ng'ombe waliohesabiwa kuwa wa nyumba hiyo. Mahari ya mabinti wake ilikuwa ya kuwaozea wanawe, wala si wana wa mke mwenzake. Mume akichukua ng'ombe wa nyumba moja akamwozea kijana wa nyumba nyingine, alikuwa ameweka deni, na deni la ng'ombe katika Mara halifi na mtu aliyeliweka. Kwa hiyo mwanamke alikaa katikati ya hesabu yote. Mali ilipitia kwake, ikajumlishwa kwa nyumba yake, ikalindwa kwa ajili ya wanawe. Alichonyimwa ni kimoja: kuirithi. Mke wa marehemu hairithi, binti wa marehemu hairithi. Mali inayoletwa nyumbani kwa jina la msichana haina siku itakayokuwa yake.

Hapo ndipo ukeketaji unapopata nguvu. Kwa Wakurya ni jando la wasichana, mlango wa kutoka utotoni na kuhesabiwa mtu wa kuolewa. Wazee wa mila wa kila ukoo, baraza liitwalo inchama, ndio hutamka kama msimu umefika. Mara nyingi ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Asiyekeketwa huitwa msagane, jina la kuchomea watu mbele ya wenzao, na posa huenda kwa wengine. Zikimfikia, ng'ombe hupungua. Baba anayemtoa bintiye kwa ngariba anaweza kuwa anampenda kweli. Anacholinda ni ng'ombe ambao mwanawe wa kiume anawangojea. Mama naye, ambaye hajasahau maumivu yake mwenyewe, ana anachokilinda: ng'ombe hao ndio watakaomletea mkamwana, na mkamwana ndiye atakayemchotea maji akishindwa kwenda mtoni. Ukimwambia mama huyo kwamba ukeketaji una madhara, unamwambia jambo analolijua kuliko wewe. Hujamwambia atakula nini akizeeka.

Sheria ilichagua kupambana na wembe. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ikaingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, kifungo chake kikiwa kati ya miaka 5 na 15, au faini, au vyote viwili. Mwanamke aliyevuka umri huo hakutajwa, ilhali wapo wanaokeketwa wakiwa wameshaolewa kwa shinikizo la wakwe. Wenzao wa Kuria ya Kenya, ambao ni ndugu wa damu waliotenganishwa na mpaka wa wakoloni, walipata mwaka 2011 sheria isiyotazama umri. Matokeo yake ni kwamba mpaka wa Sirari umekuwa njia: familia za upande mmoja huvuka kwenda upande ambao macho ya dola hayajaamka. Aprili 2019 serikali za Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia zilikutana Mombasa zikaahidi kushirikiana dhidi ya ukeketaji wa kuvuka mipaka.

Huku chini, kazi ngumu imefanywa na watu wachache. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kimepokea wasichana wanaokimbia msimu wa ukeketaji tangu mwaka 2008. Mugumu, makao makuu ya Serengeti, kuna nyumba salama iliyojengwa kwa juhudi za Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyekeketwa mwenyewe akiwa msichana, akavuja damu karibu kufa, akaapa kwamba atakapokuwa na uwezo, msichana mwingine hatapitia hayo. Shirika lake la Hope for Girls and Women lilianza mwaka 2017. Binti anayefika pale hulala, hula, huenda shule au hujifunza cherehani, na msimu ukipita wazazi huitwa mbele ya polisi na ustawi wa jamii watie saini kwamba hawatamkeketa. Kwa kuwa vijiji vingi vya wilaya hizi havikuwa katika ramani yoyote ya maana, watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, wamekuwa wakichora njia, mito na nyumba kutokana na picha za satelaiti, ili gari la kumwokoa msichana usiku lijue linakokwenda. Wanawake wa vijijini waliopewa simu janja nao hujaza majina ya mahali na kutoa taarifa. Kijiji ambacho kwa miaka yote kilijulikana ofisini kwa idadi ya wapiga kura sasa kinajulikana kwa vichochoro vyake, kwa sababu binti fulani anaweza kuwa anakimbia katika kimojawapo.

Kazi hiyo imezaa matunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Mara walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa 2015–16 ukasema 32. Wa mwaka 2022 ukasema 28. Ni mteremko, na kila namba iliyopungua ni miili ya watu. Hata hivyo mteremko wenyewe umepungua kasi, na nadhani sababu inaonekana. Walioacha mapema ni wale ambao hawakuwa na mengi ya kupoteza kwa kuacha: wenye mshahara, wenye dini inayowapa jumuiya nyingine, wenye nyumba mjini. Waliobaki ni wale ambao zizi ndilo benki yao, pensheni yao na bima yao. Kwao polisi ni hatari ya siku moja, na uzee bila mtu wa kukutunza ni hatari ya kila siku.

Hakuna ushahidi mkubwa wa hofu hiyo kuliko ndoa ambayo Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, ama kwa kutozaa, ama kwa kuzaa mabinti tupu ambao wameolewa wakaenda zao, hutoa mahari akaoa msichana. Hakuna tendo la ndoa kati yao. Kwa hesabu ya ukoo, yule kijana wa kike ni mkamwana, mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Hutafutwa mwanamume wa kumzalisha, naye hana dai lolote. Watoto ni wa yule mama, watabeba jina la nyumba yake na kurithi zizi lake. Msemo wa Kiswahili unamwambia asiye na mwana aeleke jiwe. Mama wa Kikurya aliukataa ushauri huo muda mrefu uliopita. Alikwenda kuoa.

Ndoa hii imeandikwa sana na wageni kama kioja, na baadhi yao wameishangilia kama ushindi wa wanawake. Sababu za kuishangilia zipo. Baadhi ya wanawake vijana waliohojiwa na waandishi wa habari wamesema kwamba wanaishi kwa amani kuliko marafiki zao wanaopigwa na waume, kwamba hapa hakuna mlevi wa kumfungulia mlango saa nane za usiku, na kwamba wao huamua nani alale kwao. Katika nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza mtu kumpiga mwenzi wake na bado kipigo kinaitwa mambo ya ndani, amani ya namna hiyo si ndogo.

Lakini tumtazame na yule anayeolewa. Mara nyingi ametoka nyumba ambayo haikuwa na uwezo wa kungojea posa nyingine. Huenda ni binti aliyezaa nyumbani, ambaye baba yake ameona bora ng'ombe wachache kuliko kukosa. Watoto wake hawana baba wa kumdai ada wala matibabu. Akitaka kuondoka, mahari hudaiwa na watoto hubaki. Na sheria ya nchi haimwoni kabisa, kwa kuwa ndoa katika sheria hiyo ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Hana talaka ya kuomba, hana mgawanyo wa mali wa kudai. Yule mama mkubwa amejinasua kutoka katika upweke kwa kumweka msichana mwingine palepale alipokuwa yeye mwenyewe: nyumba inayomhitaji azae, katika mji usiomrithisha.

Jambo linalonikaa kichwani zaidi ni pale ng'ombe wa mahari hiyo wanapotoka. Mara nyingi wametoka kwa mabinti zake. Mama ameozesha mabinti wake wote, akapokea ng'ombe, akawatoa ng'ombe haohao kumwoa mkamwana, ili apate mjukuu wa kiume atakayerithi kile ambacho mabinti hawa, walio hai na wenye akili zao, waliingiza nyumbani. Yote haya ni kulizunguka jambo moja lililokuwa karibu: kumrithisha binti.

Sisemi hivi kuwacheka akina mama hao. Walikuta ukuta, wakatafuta upenyo, na upenyo waliouona ndio ukoo ungewakubalia. Ninachotaka kionekane ni kile ambacho ukoo ulikubali siku ya kwanza mwanamke alipooa. Ulikubali kwamba mwanamke anaweza kumiliki ng'ombe. Ulikubali kwamba anaweza kukaa na wazee akapatana nao mahari, akaitoa, akapokewa kama mwenye mji. Ulikubali kwamba watoto wanaweza kuhesabiwa kwa mwanamke, na ukoo usiharibike. Wazee wa inchama waliyapitisha hayo bila semina ya mtu na bila katiba ya nchi. Kwa hiyo anaposimama mzee leo katika mkutano wa kijiji na kusema mila haimjui mwanamke mwenye mali, anakanusha mila yake mwenyewe. Mila inamjua vizuri. Ilimwekea sharti moja tu, kwamba ili awe mwenye mali lazima apatikane mwanamke mwingine wa kulipia.

Usawa katika Mbalibali, kwa hiyo, hauna haja ya kuletwa kama mzigo kutoka ng'ambo. Unahitaji kuondoa sharti hilo. Na hapa sheria ya nchi ina maneno mawili yanayopingana, jambo ambalo viongozi wetu hawapendi kulisema kwa sauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima. Baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu. Hiyo ni sauti ya kwanza. Sauti ya pili ni Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya desturi za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzipa nguvu ya sheria. Humo mjane hana fungu katika mali ya mumewe kwa kuwa ni mjane, na binti yuko daraja la mwisho. Wajane wawili kutoka Shinyanga waliipeleka kanuni hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 wakashindwa kuiondoa. Walifika hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao. Vitabu vya mahakama za mwanzo havikubadilika kwa uamuzi huo.

Katika umri wa kuolewa hali ni hiyohiyo. Sheria ya Ndoa inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga Mahakama Kuu mwaka 2016 akashinda, na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Gyumi yuko sahihi, umri uwe 18 kwa wote, na baada ya hapo Bunge likapitisha miaka bila kurekebisha. Baba anayewaozesha mabinti wake mapema ili kijana wa kiume aoe mapema amekuwa akisaidiwa na ukimya wa Dodoma.

Mkoa huu ulimzaa mtu aliyeliona jambo hili mapema. Julius Nyerere wa Butiama, mwana wa Mugaya, mmoja wa wake wengi wa Chifu Burito, alipokuwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940 aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akitumia hoja za John Stuart Mill kuitazama jamii aliyotoka. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, Azimio la Arusha likawaambia wanaume wa vijijini wazi kwamba wake zao ndio wanaofanya kazi kuliko mtu yeyote nchini. Hata hivyo, Tangazo la mwaka 1963 lilitolewa chini ya serikali yake. Kuna kuona na kuna kutenda, na kati ya hayo mawili hata mkubwa huweza kukwama, hasa pale ambapo kutenda kungegusa zizi la baba.

Wapo watakaosema kwamba ng'ombe wa dada ndio wanaowaunganisha ndugu, na ukiwaondoa umeua undugu. Hoja hiyo ina uzito. Kaka anayejua kwamba mke wake alikuja kwa mahari ya dada yake hawezi kumfungia dada huyo mlango akirudi na majeraha kutoka kwa mume. Angalau hapaswi. Lakini mara ngapi dada amerudi akaambiwa avumilie, kwa kuwa akibaki nyumbani ng'ombe watadaiwa, na ng'ombe wenyewe wameshatoka kwenda kwa wakwe wa kaka? Sheria ya Ndoa ilisema tangu 1971 kwamba mahari isipotimizwa ndoa haibatiliki. Haikuwa na la kumwambia kaka mwenye zizi tupu. Undugu wa kweli ungesimama vizuri zaidi kama dada angekuwa na shamba la baba yake la kurudia, ambapo hamwombi kaka hifadhi wala hamtishi kwa deni.

Palipokuwa na shamba la namna hiyo, mambo yalibadilika hata kabla ya sheria ya 1999. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, mwanamke mzee aliyeitwa Holaria Pastory alikuwa na shamba la ukoo. Alipozeeka, hakuwa na mtu wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo wao ili apate pesa ya kujikimu. Mpwa wake akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke, kwa mila ya Kihaya, hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema mila hiyo inapingana na Katiba na mikataba ambayo Tanzania imeridhia, na kwamba Holaria aliuza kwa haki ileile ambayo mwanamume angeuza. Wanasheria wanaikumbuka kesi hii kwa ujasiri wa jaji. Mimi naikumbuka kwa umri wa mdaiwa. Alikuwa na shida ileile ya mama asiye na mwana wa kiume huku Mara, uzee bila wa kumtunza, na hakuhitaji kuoa mtu wala kumkeketa mtu ili aitatue. Alikuwa na kitu cha kuuza.

Shamba hilo alilipataje, katika ukoo ambao binti alikuwa wa mwisho? Baba yake alimwachia kwa wosia. Wosia huandikwa na mtu mmoja mbele ya mashahidi, haungoji marekebisho ya Dodoma wala tamko la inchama, na kila baba wa Mbalibali mwenye binti na kipande cha ardhi anaweza kuuandika kabla ya Desemba ijayo.